MC kaita jina, ukumbi mzima kimya

Jumamosi iliyopita nimekaa meza kuu kwa mara ya kwanza maishani mwangu, ile meza yenyewe ya kitambaa cheupe na maji ya chupa, halafu nikaaibika mbele ya watu kama mia na ushee. Nitafika huko. Kwanza niwaambie ilikuwaje mpaka mtu kama mimi akaitwa jaji.

Miezi mitatu iliyopita, kwenye grupu la WhatsApp la mtaa wetu hapa Magomeni, katikati ya matangazo ya maji kukatika na mtu anayeuliza nani kaona mbuzi wake, jirani mmoja akatupia wazo. Anasema nchi hii tuna tuzo za kila kitu, za muziki, za filamu, mfungaji bora, kipa bora, hata waandishi wa vitabu wamepata yao ile ya Mwalimu Nyerere inayotolewa Aprili, sasa mbona hamna hata kikombe cha plastiki kwa hawa watu wa mitaani wanaotutunzia historia? Watu wakaweka dole gumba, wengine moto, wengine mikono ya kuomba, si mnajua grupu. Ndani ya siku mbili kukawa na kamati, na mimi kwa kosa la kujulikana kwamba naandika andika nikawekwa jaji. Sikuombwa. Niliona tu jina langu kwenye orodha.

Tulikuwa watatu. Mimi, mzee mmoja mstaafu ambaye maisha yake yote kafanya kazi za makumbusho, na dada mmoja mwalimu wa sekondari ambaye mwisho wa siku ndo alituzidi wote akili.

Pesa ilikuwa michango, huyu elfu mbili, yule elfu tano, fundi cherehani wa kona katoa elfu hamsini peke yake na hataki kutajwa kwa hiyo simtaji. Vikombe tukaenda kununua Kariakoo. Sasa pale kwenye maduka ya vikombe kila kikombe ni cha mpira, juu kuna kijitu kinapiga shuti. Nikamwambia muuzaji bosi, sisi ni tuzo ya historia. Kaniangalia, kaniuliza, historia ya Simba au ya Yanga? Nikacheka lakini kiukweli sio swali la kijinga, Yanga ni ya 1935 na Simba 1936, klabu zote mbili zimeizidi nchi yenyewe umri. Mwisho akachukua bisibisi akavifungua vile vijitu kimoja kimoja, ndo maana wale mlioona vikombe vyetu mkauliza mbona vifuniko vina katundu juu. Sasa mmejua.

Fomu nayo tuliokota mtandaoni. Mmoja wa kamati aligundua kwamba wenzetu Uingereza wana umoja wa makavazi ya jamii, yaani vikundi vidogo vya watu wa kujitolea, vya kijiji, vya mtaa, wanaokusanya picha na simulizi za kwao, na wana tuzo zao za kila mwaka. Tukaona safi, tuchukue vigezo humo humo. Kazi imenufaisha watu wangapi, kumbukumbu zinahifadhiwa wapi, weka ushahidi, weka kiungo cha tovuti. Tukaprinti kopi sitini. Wakati ule niliona tumeshamaliza kazi.

Yakaja majina kumi na tisa. Mengine tuliyapitia fasta. Kuna jamaa alijipendekeza mwenyewe, kaandika "mwanahistoria" kwa herufi kubwa, kaambatanisha kurasa kumi na mbili kuhusu sanamu ya Askari pale Samora, na ukurasa wa kwanza tu anasema walijenga Wajerumani. Mzee wetu mstaafu kidogo aanguke na kiti. Sanamu ya Mjerumani pale mjini ilikuwa ya Wissmann, yule gavana wao, Waingereza walipoingia 1916 wakaing'oa. Askari tunayemuona leo na bunduki yake kaletwa na Waingereza, kazinduliwa 1927, na maandishi yake yapo kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu, aliyeyatunga kwa Kiingereza ni Rudyard Kipling. Mzee akatuambia siku ukipita pale acha kupiga selfi, soma. Hawakutajwa askari tu, wametajwa na wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Na hao wapagazi, ile Carrier Corps ya Mwingereza, ndo waliotuachia neno Kariakoo. Yaani mimi nimetoka kununua kikombe Kariakoo, nimepita Posta kwa Askari, siku hiyo hiyo, na sijawahi hata mara moja kuunganisha hivyo vitu viwili. Nina miaka arobaini na mbili mjini hapa.

Mzee huyo huyo alitutia uchungu na jambo jingine. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda yenyewe tu kilichojengwa kabla ya 1863, vya baada ya hapo mpaka vitangazwe. Sasa piga hesabu. Mzizima, yaani Dar yenyewe ya zamani, ilikuwa kijiji cha wavuvi, Sultani Majid wa Zanzibar ndo kaanza kujenga mji miaka hiyo hiyo ya 1860, lile Boma la Zamani pale Sokoine Drive ni la 1866-67. Kwa maana hiyo makaburi ya Kunduchi, yale ya nguzo yaliyopachikwa mabakuli ya Kichina, yako salama kwa sheria, lakini mji wenyewe wa Dar karibu wote umezaliwa umechelewa miaka michache. Nilimuuliza mzee kwa nini 1863, akasema mwanangu kunywa chai yako.

Basi, tukabaki na majina matatu ya kweli kweli.

La kwanza mzee wa picha. Alikuwa na studio Magomeni enzi za kamera za mkanda, studio imekufa, yeye yupo, na negativu zake zipo kwenye makopo ya Blue Band chini ya kitanda, kila kopo kabandika karatasi ya mwaka. Tulikaa kwake kuanzia saa nne mpaka adhuhuri. Anainua negativu dirishani, anakwambia huyu ni fulani, mtoto wa fulani, hii suti sio yake aliazima kwangu, nilikuwa na suti moja ya studio kila mtu anaivaa. Watu wamejipara kwenda dansi ukumbi wa Arnautoglu, mabinti na nywele za kuchoma, jamaa kashika redio kama kashika mtoto. Ana picha za zile Kota za zamani, nyumba kwa nyumba, mlango kwa mlango, kabla hazijavunjwa na kujengwa maghorofa yaliyofunguliwa 2022 kwa zile kaya 644. Kuna kitu alisema nikakiandika kwenye simu. Kwamba nyumba ya Mwalimu Nyerere pale Magomeni, alikoishi enzi za kudai uhuru, ipo, imetunzwa, watu wanakuja kuangalia, na ni vizuri sana. Ila hamna anayeuliza majirani zake walikuwa nani. Akagonga lile kopo. Majirani wako humu.

La pili vijana wanne, wawili bodaboda, mmoja konda, mmoja mwanafunzi wa chuo. Hawa kazi yao ni majina ya vituo na vichochoro. Ilianza 2022 kwenye ile operesheni ya anwani za makazi, nguzo na vibao vikawa vinawekwa kila kona, na konda yule akaona kibao kwenye kichochoro alichozaliwa kina jina ambalo bibi yake hajawahi kulisikia. Wakaanza kurekodi. Wanamfuata mzee, wanauliza hapa paliitwaje, na nani, na kwa nini, wanaandika na tarehe na nani kasema. Mimi hicho ndo kilinifurahisha, hawachagui hadithi moja. Mwembechai wana wazee watatu na hadithi tatu tofauti na wameziweka zote tatu, hawajamtia mtu uongo. Wanakwambia kuna majina yamepona kwa bahati, Mapipa, Usalama, Mwembechai, Kagera, kwa sababu mwendokasi ilipoanza 2016 ikayaandika kwenye vituo vyake. Mengine yanaishi mdomoni mwa konda tu. Kwa Azizi Ali, kwa Mtogole, hao walikuwa watu, wana wajukuu, ila sisi kwetu ni mahali pa kushukia. Na Makumbusho! Mamia ya watu kila siku wanapiga kelele "Makumbusho, Makumbusho" stendi pale, na kile Kijiji cha Makumbusho chenyewe chenye nyumba za makabila hawajawahi kukanyaga. Nilinyamaza hapo kwa sababu mara ya mwisho mimi kuingia nilikuwa darasa la tano.

La tatu sasa.

Fomu yake ilijazwa na mjukuu wake. Kazi: kungwi. Muda: toka zamani. Ushahidi: hamna. Kiungo cha tovuti: kachora mstari.

Mtaani tunamuita Bi Somo. Ni Mzaramo wa kwao kabisa, kafunda mabinti nadhani wa nusu ya Magomeni na mama zao. Mdundiko ukipita mtaani mwali katoka, watu wazima wanaacha wanachofanya wanaufuata mpaka viatu vinakatika, ila hiyo ni ile sehemu ya nje, ya wote. Ya ndani, ya mkole, yale mafunzo ya siri ya mwali, anaijua yeye na wenzake. Na naomba hapa mtu asiniletee habari za kigodoro, kigodoro ni spika na vurugu za usiku, hivi ni vitu viwili tofauti kabisa na ukimchanganyia Bi Somo hivyo utaondoka bila chai.

Tukaenda kwake majaji wote watatu na fomu yetu. Shikamoo Bi Mkubwa, marahaba wajukuu zangu, karibuni. Kahawa ikaja, na kashata. Mzee mstaafu akaeleza kwa adabu kabisa, kwamba tungependa kurekodi nyimbo mbili tatu tu, kwa ajili ya kumbukumbu, zisipotee. Bi Somo akamsikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Baba, wewe ulifundwa na nani?" Mzee akasema mimi mwanamume, bibi, nilikwenda jandoni. "Haya, niimbie za jandoni." Mzee akacheka akatazama chini. Akaambiwa, "Umeona?"

Halafu akamshika mkono yule mwalimu wakaingia ndani, pazia likashuka. Sisi wanaume wawili tukabaki barazani na kashata. Saa moja na nusu! Sikusikia kitu zaidi ya mara moja kicheko na mara moja kama mtu anapiga kofi la taratibu kwenye kitu kigumu. Mzee ndo akaniambia kwamba ile sanamu ya mwana hiti, kale kajiti kasiko na mikono kenye kichwa cha kupasuka katikati anachokaa nacho mwali, iko kwenye makabati ya vioo huko Ulaya, anayo kwenye vitabu vyake, ana na vipimo. Vipimo anavyo. Akasema hivyo akanyamaza muda mrefu.

Mwalimu alipotoka nikamuuliza, enhe? Akasema, "Mpeni." Nampaje, nikamwambia, fomu inataka ushahidi, hapa tuna mistari mitupu. Akasema, "Ushahidi mimi hapa." Akatembea mbele mpaka barabarani.

Bodi ya majaji ilikutana mara mbili na zote mbili tulikaribia kugombana. Mimi, naomba niwe mkweli, nilikuwa upande wa makopo ya Blue Band. Niliona unaweza kuyashika, unaweza kuyaonyesha watu, na paa la mzee linavuja, mvua za masika zikija tunazungumza nini? Mstaafu alitaka vijana. Mwalimu akatusikiliza halafu akauliza, Bibi Titi Mohamed kabla ya TANU alikuwa nani? Kimya. Alikuwa muimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma hapa hapa Dar, Bomba. Mwaka 1955 TANU ilipotaka wanawake hakwenda na makabrasha, alipita kwenye vikundi vya ngoma, kwa wanawake ambao tayari wanajuana, wana viongozi, wana siri zao na michango yao. Angeletwa kwenu na fomu hii mwaka 1954, mngemuandikia nini? Tovuti hamna, ushahidi hamna. Mngempa mpiga picha.

Sikuwa na jibu. Bado sina zuri sana, maana nikiri, vitu vya siri vina ubaya wake, akifa wa mwisho vimekwisha, na mstaafu alilisema hilo kwa uchungu wa mtu aliyeona vingi vikiisha. Ila mwalimu alisema Bi Somo ana watatu anaowaachia, hilo ndo alioneshwa mule ndani, na kwamba hiyo ndo kabati yake. Mwisho mstaafu akahamia kwa Bi Somo. Kura mbili kwa moja. Moja ni yangu. Siku hizi nashukuru nilishindwa.

Sasa siku yenyewe. Tulisema saa nane, mgeni rasmi kaja saa kumi na nusu, hamna jipya. Viti vya kukodi, turubai, spika ina mlio wa nyuki. Vijana walileta mabango ya majina ya zamani wakayabandika ukutani, watu wazima wakawa wanabishana mbele ya lile bango la Mwembechai mpaka ikabidi wazee wawili waachanishwe. Mzee wa picha alipata cha pili, na mwanafunzi mmoja wa wale vijana kajitolea kumskania negativu zote bure, kopo kwa kopo, wameshaanza. Kusema ukweli hilo tu lingetosha kwangu.

Ikafika mshindi. Hapa ndo kosa langu. Mweka hazina alitaka majina yaendane na kitambulisho kwa sababu hela ya zawadi inatumwa kwenye simu, mimi ndo nikakusanya, na kwenye cheti na kwenye karatasi ya MC nikaandika vile vile, jina la NIDA, majina matatu, kamili, hakuna herufi iliyokosewa. Niliangalia mara mbili.

MC kavuta pumzi, kapiga kelele, na mshindi weeetu wa kwanza niiii... akasoma yale majina matatu.

Kimya.

Watu wanaangaliana. Mama mmoja nyuma kasikika kabisa, "Ndo nani huyo?" Mwingine anasema atakuwa wa Kinondoni huyo, wameleta mtu wao. Nikaona sura ya mgeni rasmi inaanza kugeuka. MC karudia, kwa sauti ya juu zaidi, kama tatizo ni masikio. Bi Somo mwenyewe alikuwa mstari wa pili, kajifunika kanga yake, hajatikisika, nadhani hata yeye ilimchukua muda, ni lini mara ya mwisho mtu kamuita vile zaidi ya karani? Mpaka mjukuu wake akaruka na kupiga yowe, "Ni Bibi! Ni Somo!"

Jamani. Mtaa ulilipuka. Vigelegele vilivyopigwa pale mimi sijavisikia hata kwenye harusi, wanawake wamesimama wote, wa miaka sitini na wa miaka kumi na nane, wanaenda mbele wanacheza, kumbe nusu ya ukumbi ni mabinti aliowafunda. Viti vya kukodi vimevunjika vinne tumelipa. Mmoja kati ya wanaotumikia meza kuu, dada tu wa kugawa maji, kaacha trei mezani kwetu kaenda. Mimi nimekaa, nimeshika karatasi yangu yenye jina sahihi ambalo halina mwenyewe, na mwalimu kaniinamia sikioni kanambia, "Kaka, vijana walikwambia wiki zote hizi kuhusu vibao, hukusikia?"

Jumatatu nikampigia mjukuu nikamwambia nataka kubadilisha cheti, muulize bibi tuweke majina yote mawili au vipi. Nikamsikia anauliza kwa mbali, na jibu likaja kwa mbali hivyo hivyo: "Mwambie aweke la mtaani. La NIDA wanalo wenyewe NIDA."

Nikaenda steshenari. Kijana wa kompyuta akaniuliza jina kamili, nikamwambia Bi Somo. Akaniuliza ndo hilo tu? Ndo hilo tu. Elfu mbili na mia tano pamoja na laminesheni.

Jana jioni nikampelekea. Cheti kakitazama, kakiweka chini ya mto wa kiti bila kusema sana, kaniuliza nimekula. Kikombe kipo mezani, karibu na redio, na kwenye kale katundu ka juu alipokuwa mcheza mpira kachomeka kijiti cha udi, kinafuka.